Mikono Mia Moja na Arobaini na Miwili

KUFUNGUA

Nchi yetu ina jina, lakini silitaji, maana yenyewe inajijua. Ni nchi nzuri. Ina mlima mmoja, mito miwili, na Wizara ya Elimu, Furaha na Takwimu, ambayo ni kubwa kuliko mlima.

Mimi naitwa Tunu binti Shomari. Ni katibu wa kamati ya Shule ya Msingi Vibaoni, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilichaguliwa kwa sababu ya mwandiko. Watu walisema mwandiko wa Bi Tunu unasomeka hata bila miwani, na tangu siku hiyo sijakosa kikao, wala sijaandika neno ambalo halikusemwa. Naomba hilo likumbukwe, kwa kuwa wako watu wenye vyeo wanaosema mimi ni mwongo.

Vibaoni ni shule ndogo. Ina madarasa manne, walimu watatu, wanafunzi sitini na mmoja, na choo tulichokichimba wenyewe. Kati ya wanafunzi hao, watatu ni viziwi, na mmoja wa hao watatu ni Mboni, mjukuu wangu, wa darasa la pili. Mama yake, ambaye ni mwanangu wa kuzaa, alifariki Mboni akiwa bado ananyonya. Kwa hiyo Mboni ni wangu. Aliyegundua kwamba hasikii ni mimi. Niliangusha sufuria nyuma yake na hakugeuka.

Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Perpetua, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mwaka ule Mboni alipoandikishwa, aliitumia likizo yake yote kwenda kujifunza lugha ya alama, akarudi akatufundisha sote. Si watoto peke yao. Alitufundisha wazazi, mlinzi, mama wa uji, mpaka mwenye duka. Ndiyo maana Vibaoni tuna desturi yetu: kwenye mkutano wowote wa shule, mtu akisema jambo kwa mdomo hulisema na kwa mikono, ili wale watoto watatu wasikae katikati yetu bila kujua kinachoendelea. Tumezoea kiasi kwamba hata majumbani watu hugombana kwa mikono.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kosa letu lilianzia wapi.

BARUA

Barua ilifika Jumatatu, ina mihuri mitatu. Ilitoka kwa Amana Kuu ya Shule Shirikishi Zilizoshikamana, kwa kifupi AKUSHISHIZI, chombo kilichoundwa na Wizara ili kuzikusanya shule ndogondogo za nchi nzima na kuziweka chini ya kiti kimoja. Mwalimu Perpetua aliisoma mbele ya kamati, akisimama kila baada ya sentensi ili avute pumzi.

“Mnaelekezwa kufikiria, kwa hiari yenu, kujiunga na Amana. Hiari hiyo iwe imekamilika kabla ya tarehe ishirini.”

Iliambatanishwa fomu ya kufikiria. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya kutia vema. Cha kwanza kilisema: Tumefikiria, tumekubali. Cha pili kilisema: Bado tunafikiria, tutakubali.

“Cha kukataa kiko wapi?” aliuliza Bwana Njelu, fundi baiskeli, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati.

“Geuza ukurasa,” nilimwambia.

Aligeuza. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha ya Mheshimiwa Waziri akicheka.

Sababu za kujiunga zilikuwa saba, nami nilielewa moja tu. Ukutani kwa Waziri kuna ramani, na kwenye ramani hiyo kila shule ni nukta. Nukta za shule ndogo zilikuwa nyingi mno na zilikuwa zinamuumiza macho. Wataalamu walikaa wakamshauri kwamba nukta ishirini zikifanywa nukta moja kubwa, elimu itaonekana vizuri hata ukiwa umekaa mbali.

Tulijadili kwa saa tatu. Tulikubaliana kwamba macho ya Waziri ni jambo la kusikitisha, lakini kuna miwani. Bwana Njelu alichukua rula, akachora kisanduku cha tatu chini ya vile viwili, nami kwa mwandiko wangu nikaandika: Tumefikiria, hatutaki. Tukatia vema, tukagonga muhuri wa shule, tukatuma.

Jibu lilikuja haraka mno kwa nchi yetu. Lilisema tumepatikana na kosa la kuchora sanduku bila kibali, lakini tumesamehewa kwa sababu ya uchanga wetu wa fikra. Mheshimiwa Dakta Polikarpo, Mratibu Mkuu wa Mshikamano, angekuja mwenyewe kutusaidia kufikiria.

KIKAO

Alikuja na magari matatu. La kwanza lilimbeba yeye, la pili lilibeba vipaza sauti, la tatu lilibeba kiti chake. Tuliketi uwanjani, wazazi sabini na mmoja, watoto mbele. Kiti kilishushwa, kikapanguswa, Mheshimiwa akakitazama kisha akasimama.

“Ndugu wadau!” alisema. “Shule ndogo ni fikra ndogo! Sisi tunahama. Tunahama kutoka kwenye shule kwenda kwenye mfumo. Tunahama kutoka kwa mwalimu kwenda kwenye rasilimali watu ya kufundishia. Na niwape habari njema wazazi wangu: mtoto wenu hatakuwa tena mtoto. Atakuwa matokeo!”

Watu aliokuja nao walipiga makofi. Mwalimu Perpetua alikuwa amesimama pembeni akiwatafsiria wale watoto watatu kwa mikono. Alipofika kwenye “rasilimali watu ya kufundishia” alisita, akajionyesha kifua chake mwenyewe, akainua mabega. Mboni alicheka.

Bwana Njelu aliomba nafasi. “Mheshimiwa, watoto watabaki hapa?”

“Watabaki ndani ya Amana.”

“Nauliza hapa. Hapa Vibaoni.”

“Mzee wangu, Amana iko kila mahali.”

Na mimi nilisimama. Nilisema: “Mheshimiwa, mimi ni mtu wa zamani. Nijuavyo, amana ni kitu chako unachompa mtu akuwekee, na siku ukikitaka anakupa, hakuulizi swali. Sisi tukiwapa shule yetu halafu tukaitaka, mtaturudishia?”

“Bila shaka, mama! Swali zuri sana hilo! Amana ni amana!”

Niliandika maneno hayo kama yalivyotoka, na saa ya kutoka alitia saini kwenye muhtasari wangu bila kuusoma, maana wakubwa hawana muda wa kusoma wanachokisaini.

Kisha akauliza sasa Vibaoni inasemaje. Tukajibu. Tulijibu sote kwa pamoja, kwa mdomo, “Hatutaki!”, na kwa desturi yetu tukajibu na kwa mikono: mikono yote miwili juu, viganja mbele, unatikisa. Hiyo ndiyo hatutaki yetu. Hata mtoto wa chekechea wa Vibaoni anaijua.

Mheshimiwa aliangalia, uso ukamng'aa. Alieleza kwamba kanuni za Amana hazitambui sauti, kwa sababu sauti haikai kwenye faili. Zinatambua mikono. Akamwamuru karani wake ahesabu.

Karani alihesabu akinyoosha kalamu. “Wapiga kura sabini na mmoja,” alitangaza. “Mikono inayounga mkono, mia moja na arobaini na miwili. Asilimia mia mbili, Mheshimiwa.”

“Haijawahi kutokea!” alisema Mheshimiwa, na nadhani machozi yalimlengalenga kweli.

“Mheshimiwa, hiyo ni lugha ya alama,” Mwalimu Perpetua alipaza ile sauti yake. “Watu wamekataa. Wamekukatalia mbele ya macho yako.”

“Mwalimu, mimi nina shahada tatu. Mkono ukiwa juu, uko juu.”

Tulipoelewa tumeingia wapi, tuliishusha mikono haraka. Wengine waliificha mifukoni, kina mama wakaifunika kwa khanga. Hapo ndipo Mheshimiwa alipouliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama yupo anayepinga anyooshe mkono. Alisubiri kidogo. Hakuna aliyethubutu kuinua hata kidole, kwa kuogopa kuhesabiwa tena.

“Waliopinga, hakuna,” karani aliandika.

Kwa hiyo Vibaoni iko kwenye vitabu vya Wizara kama shule iliyojiunga kwa furaha kubwa kuliko zote nchini. Nimeambiwa tumetajwa bungeni.

YATOKANAYO

Mambo yalikwenda mbio. Majengo yetu yalifanywa Ghala la Nyaraka, na nyaraka zilizowekwa humo ni zile zinazoeleza jinsi majengo hayo yalivyoacha kuwa shule. Mwalimu Perpetua alipandishwa cheo asubuhi na kuhamishwa mchana. Sasa ni Mshauri Mwandamizi wa Shule Ndogo, makao makuu ya Amana, katika nchi isiyo na shule ndogo hata moja. Aliwaaga watoto kwa mikono kupitia kioo cha gari.

Watoto walipelekwa Kitovu cha Umahiri, kilomita kumi na tisa kutoka kwetu, kulala hukohuko bwenini. Kitovu kina wanafunzi elfu mbili na mia nne. Wale watoto wetu watatu, ambao walikuwa wakizungumza wao kwa wao, waligawanywa madarasa matatu tofauti ili kuwe na usawa.

Siku ya wazazi ilikuwa baada ya wiki tano. Nilibeba maandazi, nikafika mapema, nikaoneshwa darasa. Wanafunzi mia moja na ishirini, na mbele yao kijana mmoja aliyechoka, mwenye adabu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Natafuta mjukuu wangu, Mboni.”

Alinionyesha nyuma kabisa, ukutani. Mboni alikuwa amekaa wima, anaangalia mbele, na mikono yake ameikalia. Viganja chini, mapaja juu yake.

“Mbona amekaa hivyo?”

“Bibi, ni mwongozo. Mtoto anayechezesha mikono darasani anakalia mikono yake mpaka atulie.”

“Hachezeshi. Anazungumza.”

“Mwongozo haujasema hivyo, bibi.”

“Na amekaa hivyo tangu lini?”

Kijana alitazama chini. “Tangu alipofika. Wakati wa kula tunamwachia.”

Sikumpiga. Nataka iandikwe kwamba sikumpiga, kwa sababu nilitaka sana. Nimeandika mihtasari ya miaka kumi na mmoja na humo hakuna mahali nilipoandika kwamba katibu alikasirika. Hatufundishwi kuandika hivyo. Leo naandika. Nilikasirika mpaka masikio yakawa yanavuma. Mtu amechukua mdomo wa mtoto wangu akamwambia aukalie, akaliita jambo hilo mwongozo, akaupigia chapa, akaugawa nchi nzima, na jioni anakula chakula chake vizuri na kulala.

Nilimfuata Mboni pale ukutani, nikachuchumaa mbele yake. Nilimwambia kwa mikono: hujambo, mama? Aliitazama mikono yangu kama mtu anayemtazama ndugu ambaye hakutegemea kumwona tena. Hakujibu. Aligeuza macho kwanza kwa mwalimu, aone kama ameruhusiwa.

MENGINEYO

Ofisi ya Amana iko palepale Kitovuni, ghorofa mbili, ina zulia. Nilimkuta dada wa mapokezi, nikamwambia nimekuja kuchukua amana yangu.

“Amana gani, bibi?”

“Shule. Na kama shule ni nzito, nitaanza na mtoto mmoja.”

Alitafuta, akanipa Fomu ya Marejesho. Niliisoma yote. Ilikuwa fomu ya mwananchi kuirudishia Amana kitu alichosahau kuipa. Nilimrudishia, nikatoa muhtasari wangu wenye saini ya Mheshimiwa, nikauweka juu ya meza. Dada aliusoma, akasimama, akaenda ndani. Baada ya muda Mheshimiwa Dakta Polikarpo akatoka mwenyewe.

“Mama yangu wa asilimia mia mbili!” alisema, akinishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mheshimiwa, ulisema nikiitaka nitapewa. Naitaka.”

“Mama, tuelewane. Mlichoweka nyinyi kilikuwa shule. Kilichopo sasa ni mfumo. Ungeweka shule na ikabaki kuwa shule, ningekurudishia leo hii. Lakini mfumo haurudishwi, mfumo hurejelewa.”

“Na Mboni? Yeye amekuwa nini?”

Alimuuliza dada. Dada alifungua daftari, akasema Mboni ni namba elfu moja mia nane na tisa, na bado hajatoa matokeo.

“Unaona?” alisema Mheshimiwa. “Hajakamilika. Ukimchukua sasa utaharibu wastani wa nchi.”

Niliukunja muhtasari wangu, nikamuaga vizuri, kwa sababu nimelelewa. Nikarudi darasani. Mboni aliponiona mlangoni, aliichomoa mikono yake chini ya mapaja, mbele ya mwalimu na wanafunzi wote. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ilibidi avikunje na kuvikunjua kwanza. Kisha akaniambia: bibi, nichukue.

Nikamchukua. Yule kijana mwalimu alitugeuzia mgongo, akaanza kuandika ubaoni, na aliandika taratibu sana mpaka tulipotokomea. Mungu ampe maisha marefu.

Tulirudi kwenye lori la mbao. Nyumbani nilimpikia uji, naye akasahau kuunywa, maana alikuwa anazungumza. Alizungumza tangu tulipokaa mpaka jua likatua. Wiki tano za maneno zilikuwa zimemjaa mikononi. Alinieleza ni nani analia bwenini, mpishi yupi ana huruma, na jinsi siku moja alivyoota anaimba kwa mikono, akaamka akakuta amejilalia vidole. Nilisikiliza kwa macho yangu yote.

Kesho yake saa nne asubuhi walikuja askari wanne. Walikuja na hati. Hati ilisema: wizi wa mali ya umma.

KUFUNGA

Kesi ilisikilizwa Alhamisi. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamume msafi mwenye kikohozi cha kisomi. Alimweleza hakimu kwamba mshtakiwa, yaani mimi, aliingia Kitovu cha Umahiri akaondoka na mwanafunzi mmoja wa kike, mali ya Amana, bila kujaza kitabu cha kutoa vitu. Alisema mali hiyo imepatikana nyumbani kwa mshtakiwa, imekaa kwenye mkeka. Akaomba ipokelewe kama Kielelezo Namba Moja.

Askari alimshika Mboni mkono, akamleta mbele, akamsimamisha pale panapowekwa mapanga na baiskeli za wizi. Walikuwa wamemfunga kikaratasi shingoni.

“Kielelezo kina hitilafu,” mwendesha mashtaka aliongeza. “Masikio hayafanyi kazi. Upande wa mashtaka unaomba mshtakiwa aeleze kama alikiharibu yeye.”

Nilisema nilikipata hivyohivyo. Niliomba radhi kwa Mungu baadaye kwa kumjibu mtu yule kana kwamba swali lake lilikuwa swali.

Wakili niliyepewa, mtoto wa watu, aliinuka akasema kielelezo hiki ni binadamu, na kinaweza kuulizwa chenyewe kama kiliibwa. Hakimu, mzee mwenye miwani minene, alifikiri, akakubali. Akauliza mtafsiri yuko wapi.

Hakukuwa na mtafsiri. Wizara iliulizwa kwa simu, ikajibu kwamba lugha hiyo haimo kwenye mwongozo, hivyo haina mtafsiri kwa kuwa haipo. Mwalimu Perpetua alikuwa nje mlangoni tangu alfajiri, lakini ni mtumishi wa Amana, na Amana ndiyo mlalamikaji. Watu wa Vibaoni walijaa mabenchi ya nyuma, sabini na kitu, na kila mmoja angeweza kutafsiri, lakini walikuwa wameamriwa kukaa wakiwa wamefumbata mikono. Hakimu aliuliza ni nani mwingine anayeijua lugha hii. Karani alipekua, akasema: mshtakiwa.

“Mshtakiwa hawezi kumtafsiria shahidi,” alisema hakimu, na kisheria alikuwa sahihi kabisa. “Aulizwe hivyohivyo.”

Akaulizwa hivyohivyo. Karani alimwinamia, akamsomea swali lote kwa sauti kubwa, pamoja na vifungu vyake.

Mboni aliutazama mdomo wa karani ukifunguka na kufumba. Akanitafuta kwa macho, akanipata kizimbani. Pingu ziliniruhusu kidole kimoja tu. Kwa kidole hicho nilimwelekeza kwa hakimu: mwambie yeye.

Basi akamgeukia hakimu, akanyoosha mgongo, akainua mikono yake. Alizungumza taratibu na kwa adabu, kama Mwalimu Perpetua alivyomfundisha kuzungumza na watu wazima. Mimi ni katibu. Naandika alichosema, neno kwa neno, na sijaongeza kitu.

Alisema: Shikamoo, babu. Bibi hakuniiba. Mimi ndiye niliyemwomba. Kule hawataki niseme, na mimi nina mambo mengi ya kusema.

Alisubiri. Huko nyuma watu walianza kulia kimyakimya. Hakuna kilichotokea mbele, kwa hiyo aliinua mikono tena.

Alisema: Babu, niangalie basi. Nazungumza na wewe.

Hakimu alikuwa ameinamia karatasi zake. Alikuwa anaandika: Kielelezo kimeulizwa, hakikusema kitu.